Mwisho Uliochukuliwa Kisimani

Watu wa sinema kutoka Bombay walikuwa wameketi uani kwa Thakur Bakhtawar Singh, bwana mwenye ardhi ya kijiji cha Kelansar, wanakula mikate ya uwele na mchuzi wa mtindi, pale Nilofar, mwigizaji aliyekuwa mzuka katika sinema yao, alipomega mkate na kuutia kinywani bila kutenga kipande cha kwanza. Shingoni alivaa kidani cha fedha cha kuazima. Kabla hajameza, Ugam Kanwar alitoka upande wa kisimani, maji yakimchuruzika, akaketi kando yake mkekani na kuivuta sahani. Nilofar alisogea kidogo akauliza kama siku hizi wanatakiwa kula wawili wawili. Mpishi alisema hapana, akaleta sahani nyingine.

Ugam Kanwar alikuwa mke wa kwanza wa Thakur, na alikuwa amekufa miaka mingi. Kidani kile kilichorwa sura yake, lakini mvaaji wake wa kila siku alikuwa Sire Kanwar, mke wa pili. Kwetu Kelansar mwanamume akifiwa na mke na kuoa mwingine, bibi harusi huvishwa kibati cha fedha chenye sura ya marehemu, na tangu siku hiyo humheshimu kama mke mwenza mkubwa. Nguo mpya huwekwa kwanza mbele ya kidani. Chakula nacho, kipande cha kwanza ni cha yule. Sire hakuwahi kukosa, hata akiwa na homa, na ndiyo maana Ugam alikaa kimya ndani ya fedha yake muda wote huo. Kosa lilikuwa la mvishaji wa waigizaji, aliyetaka vito vya zamani kwa sababu bati la Bombay hung'aa vibaya mbele ya kamera. Thakur, ambaye hupenda sana kuitwa mkarimu, alimtuma mjakazi akakivue shingoni mwa mkewe. Habari ya kipande cha kwanza hakuna aliyeikumbuka.

Nyumba ile ilisema siku zote kwamba Ugam aliteleza akiteka maji alfajiri, akatumbukia kisimani. Mke wa Thakur hateki maji. Havuki ua wa wanawake bila pazia kushikwa huku na huku, na kisima kina watu wake wa kuteka tangu enzi za babu. Kwa hiyo Kelansar nzima ilijua asubuhi ile ile, na Kelansar nzima ilikwenda kutoa pole. Ugam hakuwa amezaa, na ukoo wa Sire, uliokwisha kuulizwa kimyakimya, ulikuwa umejibu kwamba hautatoa binti akakae chini ya mke mwenza aliye hai. Moti, mvuta maji aliyemwopoa, aliona vipande vya bangili zake juu ya ukingo wa kisima, mahali ambapo mtu anayeteleza hapati nafasi ya kuvunja bangili. Alichukua ufagio akavifagia.

Sasa Sire naye hakuwa amezaa. Wageni kutoka mashariki walikuwa wameanza kuja na makasha ya halua, nao walinyweshwa chai kwa vikombe vya buluu. Vikombe vile hukaa kabatini. Mara ya mwisho vilitolewa kwa ajili ya baba yake Sire alipokuja kuzungumza habari za ndoa. Mjakazi alipovipitisha barazani, Sire alivijua kwa mlio wa visosi, na tangu hapo hakulala vizuri. Alipeleka neno kwa kaka yake kwamba anataka kurudi nyumbani. Kaka alijibu kwamba amefurahi kusikia dada yake yu mzima.

Sinema ilikuwa imebakiza mwisho tu. Katika mwisho huo mzuka hutoka kisimani, humkamata mwenye ardhi aliyemuua na kumvuta majini. Nilofar alikwisha kusema mapema kwamba haingii katika kisima cha mtu, ana kifua. Talwar, mwongozaji, mwanamume mfupi asiyeona chochote duniani ila kile kitakachokaa vizuri kwenye picha, alimtazama Ugam aliyekuwa amelowa tayari, akamwuliza kama angependa kusaidia. Ugam alisema lazima aombwe mumewe. Thakur alikuwa chini ya mwarobaini, kitini. Alikohoa, na Ugam aliposikia kikohozi kile alivuta mtandio ukamfunika hadi kidevuni, kama desturi inavyotaka. Thakur alipunga mkono kwamba hakuna ubaya.

Alasiri ilipotea katika mavazi. Mvishaji alileta sari nyeupe, maana mizuka yote ya sinema huvaa nyeupe, nywele wazi. Ugam aliirudisha.

"Nyeupe ni ya mjane," alisema. "Mume wangu yule pale, anakunywa chai. Mimi nilikufa na nyekundu yangu."

Mvishaji alijaribu kumweleza kwamba watazamaji hawatajua kuwa yeye ni mzuka. Ugam alisema wakimwona anatoka kisimani watajua. Likaja suala la miguu, ambayo kwa mizuka ya kike hutakiwa kutazama nyuma, na ya Ugam ilitazama mbele. Walimfunga miguu ya mpira kinyumenyume, akatembea nayo kidogo, akaivua na kuiweka ukutani kwa adabu. Talwar aliamua kwamba miguu haitaonekana.

Mwenye ardhi wa sinema alikuwa Dinkar, mwigizaji wa makamo mwenye masharubu ya gundi na tumbo linalomsumbua. Ugam alipotoka kisimani na kumshika, alimshika kama anayemsaidia mgonjwa kushuka ngazi. Wakarudia. Mara ya pili alimwuliza kama amekula.

"Bibie," Talwar alisema, "huyu ndiye aliyekuua. Mchukie basi, hata kidogo."

"Huyu hajanifanyia kitu."

"Najua. Mfikirie tu yule aliyekufanyia."

"Nimfikirie wa nini? Si huyo hapo kitini."

Uani palikuwa na watu wengi, wakiwemo watu wa Kelansar waliokuja kutazama, na kila mmoja alipata jambo la kufanya. Mmoja alifunga upya kilemba. Mpishi alirudi jikoni. Thakur alikoroga chai yake iliyokwisha korogwa. Talwar peke yake aligeuka akamtazama Thakur, akayatazama masharubu yake ya kweli, mapana, yaliyosokotwa hadi mashavuni, kisha akayatazama ya Dinkar ambayo upande mmoja ulikuwa umeachana na mdomo.

"Thakur Saheb," alisema, "kwa nini usiingie wewe?"

Thakur alisema yeye si mtu wa mambo hayo, huku mkono wake umekwisha kwenda masharubuni. Aliuliza jina lake litaandikwa kwa herufi za ukubwa gani. Alipoonyeshwa, alikubali.

Magharibi ile mvishaji alikirudisha kidani ndani kisije kikapotea, na Ugam akaenda nacho mpaka ua wa wanawake. Sire alikuwa ameketi penye dirisha la matundu, lile ambalo wanawake wa nyumba huweza kuona nje bila kuonekana. Alisimama, akamwamkia, akamtandikia godoro dogo. Alimwona kwa mara ya kwanza, na jambo lililomgusa ni kwamba mchoraji alikosea: uso wa Ugam ulikuwa mwembamba kuliko ule wa kwenye fedha, na alikuwa msichana. Sire sasa alikuwa mkubwa kuliko yeye. Hata hivyo alimwita dada.

"Dada, vikombe vya buluu vimetoka."

"Nimevisikia. Wamechukua na vile vijiko vyenye maua?"

"Wamechukua."

"Basi wameshafika mbali."

Sire alimtengea chakula, safari hii sahani nzima, wakala pamoja. Alimwuliza kitu alichokuwa akijiuliza tangu alipojua kisa chenyewe, kwa nini miaka yote hii amenyamaza.

"Ulikuwa unanilisha vizuri," Ugam alisema. "Mtu akishiba anasinzia. Na hata ningeamka, ningemfanya nini? Mke hamnyanyulii mumewe mkono. Hata kufa kwangu hakukunifundisha hilo."

"Na kesho?"

"Kesho yule mfupi akisema anza, mkono si wangu tena. Ni wa kazi."

"Utamvuta kweli?"

"Nitamvuta mpaka chini. Nako chini kunatosha watu wawili."

Sire aliinama akalia, na hakujua analia kwa hofu ya ujane au kwa furaha, kwa sababu vyote viwili vilikuwa vimemjaa kifuani. Mjane wa nyumba ile hupewa chumba cha nyuma na sari nyeupe, na maisha yake yote hatoki tena mle. Alikifikiria chumba kile. Kilikuwa na dirisha. Alikiona kuwa kizuri.

Asubuhi waliweka kioo cha buluu mbele ya kamera, kwa kuwa usiku wa sinema huchukuliwa mchana. Talwar alikuwa mtu mwangalifu. Aliagiza kamba nene ya kuvutia maji ipitishwe chini ya koti la Thakur, ifungwe kiunoni, na ncha yake ishikwe nyuma ya ukuta, mahali ambapo kamera haifiki. Walioishika ni Moti na wenzake, watu ambao baba zao walilima kwa baba yake Thakur, wenye mikono ya kuvuta viriba vilivyojaa tangu utotoni. Hakuna aliyewashurutisha. Walipanga mstari, wakatema mate viganjani.

"Anza," Talwar alisema.

Ugam alitoka kisimani na nyekundu yake. Hakujifunika uso. Thakur, ambaye tangu harusi yao hakuwahi kuuona uso ule ukimtazama mbele za watu, alisahau kuigiza. Ugam alimshika kifundo cha mkono, akageuka, akarudi alikotoka kwa mwendo wa kawaida, kama mwanamke anayemrudisha mtoto nyumbani, na Thakur alivuka ukingo kwa kichwa. Kilemba chake kilibaki juu. Kamba ilikaza.

Walivuta. Chini alivuta mmoja, na juu walivuta wengi, na kwa kitambo kamba haikwenda huku wala huku. Ilianza kutoa moshi pale iliposugua jiwe. Talwar hakusema kata, kwa sababu ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Kisha kamba ikaanza kushuka, taratibu, na wavutaji wakaanza kuburutwa kuelekea kisimani, visigino vikichimba udongo.

Hapo sauti ilitoka kwenye dirisha la matundu.

"Iacheni," Sire alisema.

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayetoa agizo la nyumbani. Aliirudia.

"Moti, iacheni."

Moti aliinua kichwa akalitazama dirisha. Akainamisha tena. Akaizungusha kamba mkononi mzunguko mmoja zaidi, akawaambia wenzake wavute kwa pamoja, na wakavuta, na kamba ikapanda.

Mpiga picha alisema ukanda umekwisha. Ugam akaachia palepale, maana kazi ilikuwa imekwisha. Alipanda ukingoni, akavuta mtandio hadi kidevuni, na mumewe alipotolewa akiwa anatapika maji, aliinama akamgusa miguu. Thakur alipopata pumzi aliuliza kama masharubu yameonekana. Waliovuta walipewa sukari guru, kila mtu bonge lake.

Viganja vya Moti vilikuwa vimechunika. Desturi ya nyumba ni kwamba anayeumia kazini hupelekewa samli ya kupaka, na mwenye funguo za samli ni mke wa nyumba, kwa hiyo Sire aliichota mwenyewe. Mjakazi alirudi na bakuli tupu na salamu. Moti alishukuru sana. Alisema pia aambiwe Bibi kwamba yeye hakusikia kitu.

Na kweli hakuna aliyesikia. Sauti ya mke wa Thakur haisikiwi na wanaume wa nje. Jambo hilo Kelansar hulijua vizuri kuliko wanavyojua majina ya watoto wao. Thakur naye alikuwa kisimani, masikio yamejaa maji. Kukiri kwamba ilisikika ni aibu kubwa, na sijui tungeiweka wapi.

Watu wa Bombay walifunga vyombo wakaondoka. Kidani kilirudi shingoni mwa Sire, lakini Ugam hakurudi ndani ya fedha. Alibaki ua wa wanawake. Alichambua dengu, alianika pilipili, na alipokaa palilowa, kwa hiyo alipewa kona yenye sakafu ya jiwe. Hakumsumbua mtu. Alipopita Thakur alijifunika.

Sinema ilifika mji wa wilaya majira ya baridi, na Kelansar ilikwenda yote kwa matrekta. Sire na Ugam walipanda roshani ya wanawake. Katikati ya sinema Nilofar aliimba sana mvuani na Ugam alisinzia. Sire alimwamsha kisima kilipotokea. Ugam alijitazama akasema maji ya kwenye sinema ni masafi mno, ya kweli yana vyura.

Sinema za namna ile hupigwa bubu. Sauti zote hutiwa baadaye Bombay, na watu wengine kabisa. Kikohozi cha Thakur kilikoholewa na Dinkar, na mshindo wa maji ulipigwa kwenye pipa. Lakini Thakur wa kwenye pazia la sinema alipovuka ukingo, na kamba ambayo haikuonekana ilipokaza, sauti ya mwanamke ilisema, "Iacheni." Ikasema tena, "Moti, iacheni." Hakuna aliyeitia. Ilijaa ukumbini, kwa lafudhi ya kwetu, na kila mtu wa Kelansar aliijua.

Kwenye pazia kamba iliachwa. Thakur alizama, maji yakafunga, likaandikwa neno Mwisho.

Ukumbi ulisimama. Watu walipiga miluzi, walitupa sarafu mbele, wanaume waliovuta kamba walikumbatiana machozi yakiwatoka. Moti alipiga makofi kwa viganja vyake vilivyopona vibaya. Roshani nzima iligeuka ikamtazama Sire, kisha kila mwanamke akarekebisha mtandio wake. Thakur alikuwa mstari wa mbele. Naye alikuwa akipiga makofi. Sauti ilipotoka aliacha, akakaa hivyo mikono imetengana, halafu akaendelea kupiga, na alikuwa wa mwisho kunyamaza.

Njiani matrekta yalikuwa na furaha kama ya harusi. Kinyozi alisema jambo lile lilikuwa limeielemea Kelansar miaka mingi, na sasa limekwisha, kila mtu ameona kwa macho yake. Mwingine alisema mwenyewe amejitoa, wangapi wangekubali? Tangu siku ile walianza kumsalimia Thakur kwa upole ambao hawakuwa nao zamani, kama mtu aliyemaliza kifungo chake akarudi. Moti alimwambia kila aliyekutana naye kwamba analala usingizi mzuri.

Kaka yake Sire alituma salamu kwamba wameiona, na shemeji amewatoa kimasomaso. Wageni wa mashariki, ambao uvumi ulikuwa umewafikia na wakawa wanasitasita, waliitazama mara mbili. Waliporidhika waliandika siku ya harusi ya binti yao. Vikombe vya buluu havikurudishwa kabatini.

Ndipo sonara alipokuja. Alikuwa mzee Pokar, ambaye baba yake ndiye aliyechonga kidani cha kwanza. Alikaa nje ya pazia la ua wa wanawake, na wao wawili walikaa ndani. Sire alikivua kidani, mjakazi akakipitisha chini ya pazia. Pokar alieleza kwa heshima kwamba ameagizwa akiyeyushe, aongeze fedha, atengeneze kibati kimoja chenye sura mbili. Ya kwanza anayo. Ya pili hajawahi kuiona, wala hataweza kuiona, kwa hiyo anaomba asaidiwe mambo machache.

"Kipini Bibi anavaa kulia au kushoto?"

"Kushoto," Sire alisema.

"Uso mrefu au wa mviringo?"

Sire alimgeukia Ugam. Ugam alimwangalia vizuri, akamsogeza ushungi kidogo kwa kidole chenye maji.

"Mviringo," Ugam alisema. "Na usimnenepeshe kama alivyoninenepesha baba yako. Tuweke tumekaa, tusisimame. Ni muda mrefu."

Pokar alisema atajitahidi. Walimsikia akiandaa mzani wake. Sire aliushika mkono wa Ugam, ulikuwa wa baridi, nao haukuvutwa.

"Mzee Pokar," alisema, "kitengeneze kipana. Acha nafasi pembeni ya mwingine."

Nje mzani uligonga jiwe. Kisha sonara akajibu kwamba Bibi asiwe na wasiwasi, Thakur amekwisha mwambia hivyo.